Hii Mnayoshusha Si Fansabu

Kaa na wapenzi wa anime wa Kiembe Samaki, hapa Unguja, maskani au nje ya duka la kujazia flashi, na haitachukua muda utasomewa maneno haya: sisi si wezi. Kampuni za nje hazitujali, bei zao ni za watu wa huko, kadi za benki hatuna, Kiswahili hawaweki. Basi tunachukua kwa mashabiki wenzetu wanaofasiri kwa mapenzi, na kazi yao inaishinda ile ya kulipia. Yamesemwa sana mpaka yamekuwa kama sheria. Anayelipia huduma rasmi ya Crunchyroll hapa huchekwa, akaulizwa kama ana ami yake Muscat anayemtumia riali.

Mimi nasema hoja hiyo imeoza, na imeoza mahali ambapo wenyewe hawapatazami. Siji na rungu la COSOZA, wasimamizi wa hakimiliki Zanzibar, wala simtolei macho mtoto wa skuli aliyerushiwa msimu mzima wa Jujutsu Kaisen na mwenzake wa dawati. Ninaogombana nao ni wakubwa wake, wenye laptopu na modemu, waliochukua jina la watu wengine wakalifanya ngao. Mnashusha. Sawa. Lakini msiite fansabu, yaani tafsiri ya mashabiki.

Chukua faili moja tu, kama lilivyo kabla halijapita Telegram. Jina lake linaanza na mabano ya mraba, na ndani ya mabano ni jina la kikundi. Linafuata jina la hadithi, namba ya episodi, ukubwa wa picha, na mwishoni herufi na tarakimu nane za kuhakikishia kuwa faili halikuharibika njiani. Siku hizi aghalabu jina la kwenye mabano ni SubsPlease. Kabla yao, hadi 2020, lilikuwa HorribleSubs. Vikundi hivi havina mfasiri, na havikupata kuficha kuwa havina. Kazi yao ni kunyofoa picha na maandishi ya chini kutoka kwenye huduma rasmi, mara nyingi Crunchyroll hiyo hiyo mnayoitukana, na kuviachia muda mfupi baada ya episodi kutoka. Aliyekaa na Kijapani akatoa Kiingereza mnachokisoma alikuwa mtu wa mkataba wa kampuni. Baadaye mwenye chaneli ya Telegram hulibana faili lipungue uzito, hubandika jina la chaneli yake pembeni ya picha, huyagandisha maandishi yasiweze kuondoka, na likifika Kiembe Samaki linaitwa kazi ya mashabiki. Kwa hiyo anayeniambia kuwa tafsiri ya mashabiki inaishinda tafsiri rasmi ananiambia kwamba tafsiri rasmi inaishinda tafsiri rasmi.

Fansabu ya kweli ilikuwapo. Marekani, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, watu walipokea kanda za VHS kutoka Japani, wakafasiri, wakaweka maandishi juu ya picha kwa kompyuta za nyumbani, kisha wakatuma nakala kwa posta kwa gharama ya kanda na stempu. Walikuwa na mwiko wao: kazi ikishanunuliwa rasmi nchini mwao, wanaacha kuisambaza. Si wote walioushika, lakini ulijulikana na aliyeuvunja alisemwa. Intaneti ilipokuja vikundi vikawa vikubwa. Dattebayo, waliokuwa wakifasiri Naruto, walisomwa dunia nzima. Januari 2009 Crunchyroll walipoanza kuonyesha Naruto Shippuden kwa makubaliano na TV Tokyo, Dattebayo wakaiacha Naruto. Watu walikasirika. Wao walisema haja waliyokuwa wakiitimiza imekwisha.

Hapa nitakatizwa, najua: Crunchyroll wenyewe walianza kwa kuiba! Kweli. Walianza 2006 California, na miaka ya mwanzo tovuti yao ilijaa video zilizopandishwa na watumiaji bila ruhusa ya mtu, fansabu zikiwamo. Baadaye wakapata wawekezaji, wakaingia mikataba, wakaisafisha tovuti yao, na 2021 Sony ikawanunua, kupitia huduma yake ya Funimation, kwa dola bilioni 1.175. Hadithi hiyo hupigwa maskani kama karata ya turufu. Mimi naiona inawafunga walioipiga. Inaonyesha kwamba kazi ya mashabiki iliingia ndani ya biashara na kuchukua nafasi huko. Kilichobaki nje kikiitwa fansabu, ukiacha vikundi vichache vinavyoshughulikia anime za zamani au zilizosahauliwa, ni kunakili tu. Jina limebaki, mfasiri kaondoka.

Tuje kwenye pesa, maana hapo ndipo sauti hupanda. Episodi moja ya dakika 24, kwa picha ya 1080, hukaribia GB moja na nusu. Msimu wa episodi 12 ni kama GB 17. Ukishuka hadi 480 bado una GB nne na ushei. Hizo hazishuki kwa upepo wa kusi, zinashuka kwa bando, na bando ni hela. Kampuni ya simu imelipwa. Mwenye duka kalipwa kujaza flashi. Mwenye chaneli mara nyingi hulipwa na matangazo ya kamari. Katika safari nzima ya episodi hiyo, kila aliyeishika kapata chake isipokuwa walioitengeneza, na sisi tunaiita ya bure.

Suala la kadi lilikuwa na maana miaka kumi iliyopita. Leo mitandao ya simu inatoa kadi pepe za Visa na Mastercard, mtu anatia pesa kutoka pochi ya simu yake akalipia atakacho mtandaoni. Vijana wale wale wanaoniambia kadi hawana hununua almasi za Free Fire bila kukwama.

Lipo lakini jibu moja lao lenye nguvu, nami nalileta kama linavyosemwa: mmoja hushusha, kumi na tano hurushiwa kwa programu ya Xender bila kutumia hata MB moja, na faili linakaa. Hili ni kweli na kampuni hazijalipa jibu. Programu zao hukuruhusu kuhifadhi episodi ndani ya simu, lakini imefungwa kwa akaunti, na malipo yakikatika nayo inakatika. Kisiwa chetu kinajua maana ya kitu kukatika. Waya wa umeme kutoka Bara ulipoharibika 2008 tulikaa gizani karibu mwezi, na mwishoni mwa 2009 tukarudi gizani kwa miezi mitatu. Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na SEACOM zilikatika chini ya bahari na nchi ikasinzia. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima na ikabaki imezimwa siku kadhaa. Katika siku hizo za kukatika intaneti mwenye diski ya mafaili alikuwa na cha kutazama, na mwenye akaunti alikuwa na skrini nyeusi. Na si umeme na nyaya tu. Funimation ilipofungwa Aprili 2024, watu waliokuwa wamepata nakala za kidijitali walizoahidiwa kuwa nazo daima walizipoteza, hazikuhamishiwa Crunchyroll. Anayedai auziwe faili lenyewe, aliweke ndani kwake kama kitabu, mimi nipo upande wake na nitatia saini popote.

Ila tazama hoja hiyo inaishia wapi. Inadai kuuziwa faili. Haisemi kwamba aliyelinyofoa kwa mwingine ni shabiki, wala kwamba kanyofoa kwa niaba yangu.

Jengine wanalosema, nalo ndilo zuri kuliko yote waliyonayo ingawa hulitupa ovyo: hata nikilipa, mchoraji hapati. Wanakaribia ukweli. Anime nyingi hugharimiwa na kamati ya wawekezaji, yaani vituo vya televisheni, wachapishaji, kampuni za muziki na za wanasesere. Studio hupewa malipo yake ya kutengeneza na faida kubwa huenda kwa kamati. Chama cha wachoraji cha JAniCA kilipofanya uchunguzi wake wa 2015, mchoraji wa picha za kati, yule anayejaza mwendo baina ya mkao na mkao, alionekana kupata kama yeni milioni 1.1 kwa mwaka. Mjini Tokyo huo ni umasikini. Basi mtu anauliza: dola zangu zitamfanyia nini huyo?

Peke yake, kidogo sana. Lakini hesabu ya biashara imegeuka. Kwa takwimu za chama cha watengenezaji wa anime cha Japani, soko zima la 2023 lilikuwa yeni trilioni 3.35, na trilioni 1.72 kati ya hizo zilitoka nje ya Japani. Nje sasa ni zaidi ya nusu. Maana yake ni kwamba nani anatazama huko nje, wapi, kwa lugha gani, kumekuwa jambo la kuamulia kitu gani kitengenezwe na kifasiriwe kwa nani. Katika daftari hilo sisi hatumo. Kihindi, Kitamil na Kitelugu vimeingia Crunchyroll kwa sauti. Kiarabu kimo kwa maandishi. Kiswahili, ambacho UNESCO inakihesabia wasemaji zaidi ya milioni 200 na kukipa siku yake ya Julai 7, hakimo. Na mtu wa Kiembe Samaki aliyetazama Demon Slayer yote kutoka Telegram, kwa macho ya anayepanga lugha za kufasiriwa, hajazaliwa.

Waweke Kiswahili kwanza, ndipo tulipe! Hilo nimelisikia likisemwa kwa uchungu wa mtu aliyedhulumiwa. Hakuna mfanyabiashara aliyefasiri kwa ajili ya watu asiowaona. Wachina waliona: TBC ilipoonyesha tamthilia ya Mao Doudou kwa Kiswahili mwaka 2011, nyumba zilijaa, na baada yake StarTimes wakawa wanatafuta sauti za Watanzania hadi kwa mashindano. Azam wameleta Waturuki wakizungumza Kiswahili sebuleni kwetu. Wajapani wenyewe, kupitia NHK, wanatangaza kwa Kiswahili tangu miaka ya 1960. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba Kiswahili kimeshindikana. Kilichokosekana ni sisi kuonekana, na kila faili tunalorushiana linatuficha zaidi.

Wapo wanaoingiza dini katikati: mali ya kampuni ya mbali, tena tajiri, haina mwenyewe. Hao niwajibu kwa ufupi. Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Kimataifa lilipokutana Kuwait mwaka 1988 liliamua kuwa haki za utunzi na ubunifu ni haki za wenyewe kisheria na haifai kuzivamia. Wengine husema hakimiliki ni mambo ya Bara. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003 na COSOZA yake. Tuendelee.

Kinachoniudhi zaidi ni hiki. Ukanda wetu huu una historia ya kweli ya watu kuchukua filamu ya wenyewe na kuifanya ya kwetu kwa jasho. Dar es Salaam kulikuwa na Derek Gaspar Mukandala, Lufufu, ambaye sauti yake ilipanda juu ya filamu za Kichina, Kihindi na za Hollywood kwenye kanda zilizofika kila kibanda. Hakuwa akisoma tafsiri. Alikuwa akisimulia, akieleza kwa nini huyu anamchukia yule, akitia utani wa mtaani, akimpa adui jina la kuchekesha, akikutangulia kidogo ili usipotee. Kenya wana DJ Afro. Uganda ma-VJ wamekuwa tasnia nzima. Mtu huchagua filamu kwa kuangalia kwanza ni VJ gani kaisimulia. Nakala walizosimulia hazikuwa na ruhusa, na silipambi hilo. Lakini bibi asiyejua neno la Kiingereza alitoka kibandani akiijua hadithi nzima, na alijua kwa sababu mtu alikaa usiku akaifanyia kazi. Wapo sasa ma-DJ wanaosimulia anime kwa Kiswahili. Hao nawatoa katika ugomvi huu, wamechuma jina lao.

Wewe wa laptopu umefanya nini? Umenakili. Programu ya kuandikia maandishi ya chini, Aegisub, ni ya bure na inaendeshwa hata na mashine mbovu. Episodi ya dakika 24 ina mistari kama mia tatu au mia nne ya mazungumzo. Faili la maandishi hayo ni dogo kuliko picha moja ya simu. Laweza kutembea peke yake bila video, na aliyelipia na asiyelipia wote wakalitumia. Mbweni hapo, mwendo mfupi kutoka Kiembe Samaki, kuna taasisi ya Karume imejaa vijana wanaojua kompyuta, na wengi wao ni wapenzi wa anime. Kiswahili chao ni hiki cha Unguja ambacho Kiswahili sanifu kilijengwa juu yake. Kama kuna mahali duniani ambapo fansabu ya Kiswahili ingetakiwa iwe imejaa flashi, ni hapa. Katika flashi nilizowahi kuchomeka nimekuta Kiingereza, nimekuta Kiarabu, nimekuta hata Kireno ambacho hakuna aliyekitaka. Kiswahili cha maandishi sikukikuta.

Wataniambia kuwa hata hiyo ninayoipendekeza haina ruhusa. Hawajakosea. Haki ya kufasiri ni ya mtunzi, na Tanzania imo katika Mkataba wa Berne tangu 1994. Mwaka 2017 mahakama ya Amsterdam iliwakatalia mashabiki wa Uholanzi waliotaka kutambuliwa haki ya kutengeneza maandishi ya chini bila idhini. Sisemi hayo mambo ni meupe. Nasema yana tofauti na kunyofoa, na tofauti hiyo ina faida: ukishakuwa na kazi mkononi unaweza kwenda nayo mbele ya mwenye mali. Viki, ambayo Rakuten waliinunua 2013, ilijengwa hivyo hivyo, kwa tamthilia za Kikorea na za Asia zilizoruhusiwa na kufasiriwa na mashabiki wa kujitolea, kwa lugha ambazo hakuna kampuni ingezilipia. Wikipedia ya Kiswahili inaandikwa na watu wa kujitolea tangu 2003. Hayupo aliyekwenda na episodi tatu za Kiswahili safi akafukuzwa, kwa sababu hayupo aliyekwenda.

Na wakati wenyewe ndio huu. Julai 2025 watazamaji wa Ujerumani walikuta katika maandishi rasmi ya Crunchyroll, chini ya picha, kauli inayoonyesha kuwa mstari ule ulitoka ChatGPT. Mtu alinakili jibu la mashine na kusahau kulifuta jina lake. Maskani walilifurahia sana hilo, wakasema unaona, rasmi ndiyo hiyo. Wakasahau kwamba anayenyofoa maandishi rasmi hunyofoa na uozo wake. Hakuna mtu katikati wa kuusoma na kuusahihisha. Mashine hizo zitaletwa na kwa Kiswahili, na zikija bila ya sisi kuwa na kazi yetu ya kulinganishia, tutapewa Kiswahili ambacho mama yako hatakitambua, nasi hatutakuwa na cha kuonyesha.

Limebaki la mwisho, nalo husemwa kwa kiburi kidogo: Kiingereza kinatutosha, na wazee wetu walitazama filamu za Raj Kapoor pale sinema ya Majestic bila kujua Kihindi. Wazee walikuwa na nyimbo, na walikuwa na jirani wa kiti cha pembeni aliyeeleza. Kiingereza kinakutosha wewe. Hakimtoshi mdogo wako wa darasa la tatu anayejibanza ubavuni mwako, anayesoma Kiswahili vizuri na kila mtu akifungua mdomo kwenye skrini anakuuliza, kasema nini? Nawe unamjibu. Unamfasiria episodi nzima, unamfupishia, unamficha la kumficha, unampa jina la mtaani yule mwenye upanga. Nyumba ngapi za Kiembe Samaki zina kazi hiyo kila baada ya isha, na asubuhi yake hakuna hata mstari mmoja uliobaki, huku kwenye faili mkiwa mmehifadhi kwa uangalifu kila nukta ya Kiingereza cha mfasiri mnayemwita mwenzenu na hamjui hata jina lake.